Binti Yangu Ameniomba Nimfungie Mlango

Mshauri, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila wiki nikisubiri pasi ipate moto, na matatizo ya wenzangu nimeyacheka sana, sasa leo zamu yangu imefika na sijui hata pa kuanzia, kwa hiyo niruhusu nianzie popote.

Mimi ni fundi wa mapazia, nashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mume wangu ni dereva wa lori na nyumbani huja akipata nafasi, na tuna watoto wawili, binti wa darasa la sita ambaye sote tunamwita Hakimu kwa sababu tangu mdogo hawezi kuona mtu akionewa akanyamaza, na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza anatambaa. Huyu mdogo alipozaliwa, Hakimu alimpenda mpaka mimi mama mtu nikawa naomba zamu ya kumbeba. Akitoka shule hata sare havui, anampakata, anamsimulia habari za darasani kama anaongea na mtu mzima, nami huku nashona nawasikia, najiambia Mungu kanipendelea.

Mambo yakaanza taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Kwanza akawa ananiuliza, mama, sijamuumiza mtoto? Nikamwambia hujamuumiza. Haupiti muda anarudi, una uhakika? Nina uhakika. Nikadhani ni mapenzi yamezidi kipimo. Lakini maswali hayakuisha, yalizaana, ikafika mahali jibu lazima nilitoe kwa maneno yaleyale, nikimtazama usoni, na sauti yangu ikionyesha uchovu basi jibu limeharibika, tunaanza upya, hata kama nina pini mdomoni na mteja amesimama mlangoni anasubiri mzigo wake. Kisha akaacha kushika mkasi, yeye ambaye ndiye alikuwa mkata nyuzi wangu. Akaacha kumwogesha mdogo wake. Akipita karibu naye anajibana ukutani kama anayepisha gari.

Baba yake alipokuja akasema namdekeza, akaamuru asijibiwe tena. Mtoto alitetemeka mpaka akatapika, baba mtu akaacha chakula, na kesho yake akiwa njiani ni yeye yuleyule aliyepiga simu akaniambia mjibu tu, mke wangu, mjibu. Mama mkwe naye anasema mjukuu wake kuna kitu kimemwingia, na anamjua mtu wa kukitoa.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Juzi mchana nilimkuta amekaa chini koridoni, mdogo wake analia chumbani na yeye hasogei. Nikamfokea, mbona humchukui mwenzio? Akainua uso, akasema polepole:

"Mama, kila nikimwona, kichwani naona namwangusha makusudi. Sitaki. Inakuja yenyewe. Naomba unifungie chumbani, ufunguo ukae nao wewe."

Mshauri, nilimpita pale chini kama sikumwona, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda naye moja kwa moja kwa dada yangu mtaa wa pili, nikamdanganya kwamba kazi zimenielemea. Niliporudi nikamwambia Hakimu kwamba mdogo wake atakaa kwa mama mkubwa. Hakulia. Alisema, "Asante, mama," kama mtu aliyetuliwa gunia, na ile asante imenichoma kuliko yote aliyosema kabla yake.

Nilidhani tutapumua. Wapi! Sasa anataka nipige simu kwa dada kila mara kuuliza kama mtoto anapumua, dada ameanza kushuku, na tangu jana hakai na mimi jikoni, anasema zile picha zimehamia kwangu. Nimeshona pazia la watu juu chini na sikuona mpaka mwenyewe alipolikunjua. Mshauri, nimezaa mtu wa kuua? Nimfungie kama anavyoomba? Huyu mdogo akae ugenini mpaka lini? Na nikimwambia mtu, si watanichukulia binti yangu? Nijibu, hata kama ni kwa ukali.

Mama wa Mapazia

*

Marahaba, mama. Barua kama yako haingoji siku ya gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile niliyoisoma. Leo naichapa kwa ruhusa yako na ya binti yako, kwa kuwa zipo nyumba nyingine ambako mtoto kama huyu bado hajathubutu kusema.

Nililokwambia kwenye simu ndilo hili: hukuzaa mtu wa kuua. Una mtoto mgonjwa, na ugonjwa wenyewe madaktari wa akili wanaufahamu vizuri. Kila mmoja wetu hupitiwa na wazo la ajabu. Umesimama ghorofani, unajiuliza, nikijirusha je? Unatikisa kichwa, linapita. Kwa mwenye ugonjwa huu halipiti, linapiga kambi, na mara nyingi linakwenda kukaa palepale penye mapenzi makubwa, maana hapo ndipo panapouma. Anayetamani kudhuru haji kwa mama yake kuomba afungiwe.

Sasa nikuseme kidogo. Kumfungia, hapana. Ukigeuza ule ufunguo umemthibitishia kwamba picha zile ni za kweli. Kumhamisha mdogo wake nako kulisema hivyohivyo, ingawa nakuelewa, hata mimi ningekimbia naye. Na yale majibu yako ya kila saa ni kumkuna mwenye upele: anapata nafuu kidogo, ngozi inazidi kuchubuka. Lakini kumkatia ghafla kama alivyofanya baba yake si dawa. Hupunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na mtaalamu, mtoto mwenyewe akielezwa sababu.

Shemeji yangu wa lori, kama unasoma hii mahali umeegesha: mtoto hadeki mpaka akatapika. Na bibi, mwombee mjukuu wako, maombi hayajakatazwa, ila mwombee akiwa njiani kwenda hospitali. Mtoto ambaye tayari anajihukumu kuwa mbaya, ukimwambia ana pepo, umemletea ushahidi aliokuwa anautafuta.

Wasomaji watauliza yaliishaje. Hayajaisha. Mama alimpeleka binti kliniki wiki iliyopita. Ananiambia daktari alimsikiliza Hakimu bila kushtuka, kisha akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kikohozi: ni hilo la kumwangusha tu, au yako na mengine? Binti naye akauliza:

"Kwani kuna wengine?"

"Wengi," daktari akamjibu. "Jana nilikuwa na mmoja kwenye kiti hichohicho."

Hapo ndipo alipolia, na mama yake naye akalia, daktari akawaacha walie mpaka wakatosheka. Hakuna aliyetishia kumchukua mtoto. Alichowapa ni miadi ya kurudi kila wiki kwa mazungumzo na mazoezi, na akasema kama dawa zitahitajika watashauriana. Mdogo amerudi nyumbani. Hakimu bado anajibana ukutani akipita, lakini anapita.

Kwa hiyo, mama, shika haya. Miadi isikoswe, hata mteja akinuna. Mwambie dada yako ukweli, kwani kuutunza uongo kunakuchosha kuliko kushona. Tafuta mwalimu mmoja shuleni mwenye kifua, naye umweleze. Binti akikuuliza tena kama amemuumiza mtoto, usimwapie. Mwambie kama daktari alivyowafundisha, "Hapo ugonjwa ndio unauliza. Mimi naongea na wewe." Atakasirika, huenda akalia. Kaa naye palepale, mwache aogope ukiwa karibu yake, na hofu itashuka bila wewe kuisukuma.

Na siku atakayomfuata mdogo wake mwenyewe, akasema anataka kumbeba, mpe. Mpe, na usiitazame mikono yake.