Vidole Viwili Vilivyobaki Kasongo

Ujiji, Jumapili ya kwanza ya Machi, 1956. Mwaka wa ishirini na tisa tangu nivuke ziwa.

Kaka Ramazani,

Habari ya kifo chako niliipata kwa mchuuzi wa mchele aliyetoka Kasongo. Nililia, kisha nikacheka peke yangu, maana nilikuona tena pale zahanati, koti lako jeupe lina doa la ayodini, ukinifungua bendeji baada ya shoka kunikata vidole viwili kwenye kazi ya barabara ya Kabambare. Daktari Mzungu akaingia, akauliza, "Uko muzima?" Nikamjibu, "Hapana, Bwana. Viwili haviko." Wagonjwa wote wakacheka. Ukawaambia, "Musimucheke. Anahesabu tu."

Ulivizika nyuma ya zahanati, ndani ya kopo la maziwa. Kila barua uliandika: "Rudia kwetu, ndugu yangu, nikuonyeshe pahali. Mutu azikwe muzima." Nami miaka yote hii, mtu akinisalimu "Mzima?", hujibu "Salama." Lile neno jingine sikuthubutu.

Sasa sikiliza. Uzeeni nimejifunza Kiingereza, na jirani yangu mwalimu ameniazima kamusi. Wana neno "heal". Hulitumia kidonda kinapofunga, mgonjwa anapopona, hata waliogombana wanapopatana. Kamusi inasema asili yake ni kukifanya kitu kiwe kizima; limetoka tumbo moja na "whole", yaani kisichopungua. Kumbe nao ni kama sisi: mzima ni asiyeumwa, na mzima ni asiyepungua.

Nilifurahi, halafu nikaingiwa na huzuni. Kwa hesabu hiyo, sijapona bado. Nikautazama mkono wangu kwa muda mrefu, kaka. Vidole havikuota. Lakini ngozi uliyoiosha kila asubuhi ilifunga, na haina tundu hata moja. Siku ile nilihesabu vidole. Ilinipasa nitazame ngozi.

Hapa nina mke, wajukuu, na shamba la mihogo linalonitosha. Pahali pa lile kopo ulipajua wewe tu, na umeondoka napo. Sikulaumu. Vidole vyangu viwe jirani zako.

Pumzika, kaka. Nakuahidi: kuanzia kesho, wakiniuliza, nitajibu "Mzima."

Kasongo sitarudi.

Ndugu yako,
Saidi