Nani Aliyechavusha Maua Yote?

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na mwanangu Kibonge hajakumalizia sukari yote. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma, ila tafadhali kaa chini kwanza, na usisome mtoto akiwa miguuni.

Umeniuliza naishije. Shamba hili la kilimo hai halina mshahara: unafanya kazi kwa muda wa saa tano kila asubuhi, wao wanakupa chakula na kitanda. Wiki ya kwanza nililala na viatu kwa uchovu. Nimegeuza mboji mpaka nguo zangu zote zinanuka samadi, na mikono uliyozoea kuicheka kwa ulaini sasa ina sugu. Nalala chumba kimoja na mwalimu mstaafu, mama mmoja anayekoroma kama mashine ya kusaga. Lakini hana makuu. Siku niliyolia alinitandikia kitanda bila kuniuliza kitu. Msimamizi wetu tunamwita Mama Mboji. Haamini dawa za dukani wala visingizio.

Mwezi uliopita vanila ilichanua. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na usipolichavusha kwa kijiti, mchana limeshanyauka. Mwalimu alinielekeza: kila kishada maua manane, mengine yaache yaanguke. Mimi sikuweza kuyaacha. Niliyachavusha yote, mstari mzima, asubuhi baada ya asubuhi, nikawa narudi chumbani nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba Kibonge. Kumbe kila ua lililochavushwa huzaa ganda, na maganda yakizidi, mmea hujikamua mpaka unakauka.

Mama Mboji alipoona, alitukusanya akauliza nani aliyechavusha maua yote. Nikajitia kufunga kamba za viatu. Mwalimu akasema mstari ule ulikuwa wake, kwa hiyo kosa ni lake. Siku tatu alisimama juani na magoti yake mabovu, akikwanyua maganda mabichi moja moja. Mimi nikipita na ndoo namwambia pole. Sikuona hata haya.

Siku ya tatu ndipo barua yako iliponifikia, ile unayoniomba tena msamaha kwa sababu ya birika. Umeandika kwamba ukimwogesha mtoto na kuliona kovu la mkono wake, unajiuliza ulikuwa na haraka gani ya sokoni hata ukaacha chai ya moto pembeni mwa meza. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mboji kumwambia maua yale ni mimi. Hakunigombeza, aliuliza tu kama mwalimu nimeshamwambia. Mwalimu naye, nilipomwendea, akasema alijua tangu mwanzo, alikuwa ananisubiri.

Wewe, dada, hujui. Ndiyo maana naandika.

Hukuliacha birika pembeni. Uliliweka katikati ya meza, ukaniambia nimwangalie mtoto, nami nikaitikia. Ulipotoka niliamka, nikamimina nusu kikombe, nikalitua birika ukingoni, nikarudi kitandani na kujifunika shuka. Nilimsikia akiburuta kiti. Aliniita mara tatu. Nilikuwa macho, dada. Tangu tumzike baba yake mwili ulikuwa haunitii, nikajiambia atachoka ataacha. Kisha nikasikia birika likianguka.

Ulirudi unalia kwamba ni wewe, ni haraka zako, nami nikakuacha ulie. Ukamchukua mtoto ukanituma huku nikapumzike, ukidhani unalipa kosa lako. Miezi saba nimekuacha udhani hivyo. Naona aibu ambayo sina pa kuiweka.

Siandiki ili unihurumie. Muda wangu hapa unaisha mwisho wa mwezi, nami nitakuja. Ukisema mtoto abaki kwako, atabaki, nitatafuta chumba karibu nimwone kwa ruhusa yako. Ukinifungia mlango, sitabisha hodi mara ya pili.

Nisalimie shemeji, umwambie na yeye ukweli huu, asikutazame tena kwa huruma. Majirani wote salamu. Kibonge usimpe salamu zangu bado. Nataka nimwambie mwenyewe, hata kama hataelewa, kwamba siku ile nilimsikia.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hukumkosea kitu.