Ninakaa Hapa kwa Muda

Mwanangu Guifré,

Nyonga yangu imepona, ila supu ya humu katika nyumba ya wazee bado haina chumvi. Siku hizi tunafundishwa Kiingereza. Mwalimu aliniuliza ninaishi wapi, nikajibu, “I live here.” Akanieleza kwamba hayo ni makazi ya kudumu, ya muda ni “I am living here.” Kikatalani chetu hutumia neno moja kwa yote mawili, ndiyo maana nilikosea.

Mzee Quirze, mwenzangu wa darasani, akanicheka: “Dada, humu cha muda ni supu peke yake.”

Nikarudia jibu kwa sauti, safari hii sawasawa. Kwa hiyo zile karatasi ulizoniletea za kuuza nyumba yangu sitazitia saini. Jumapili njoo na gari unirudishe kwangu.

Shangazi yako, anayekaa hapa kwa muda,
Remei