Miti Iliyobeba Majina ya Mama Zetu

Mwajuma wangu,

Pori limesimama. Nimeanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hilo kwanza, kabla ya salamu, kabla hata ya kujua kama nimekula. Pori letu la nyuma ya home, yale mabweni ya wanafunzi, lile ambalo chemchemi inatoka chini yake, limesimama lote, na lori lililokuja kulibeba lilirudi tupu. Nina furaha isiyonitosha peke yangu, na mtu wa kugawana naye hayupo. Basi nakuandikia.

Tangu ulipotutoka mambo yamezidi kuharibika. Walimu hawalipwi, masomo yamefungwa tena. Maduka ya mjini yaliyovunjwa na askari hayajafunguliwa, na wenzetu wengi wamefunga magodoro yao kwa kamba wakarudi kwao. Mabomba ya kampasi yamekauka kabisa. Kama si ile chemchemi, sisi tuliobaki, pamoja na familia zote za wafanyakazi zinazokaa pale karibu, tusingekuwa na maji ya kunywa. Na wewe ndiye uliyekuwa unasema kila siku kwamba pori likikatwa, chemchemi nayo imekwenda. Lakini ungemwambia nani, wakati umeme hakuna na kila nyumba inapikia makala, mkaa wa miti hiihii?

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi ndiye niliyekuwa na akili ya karatasi. Niliandika mabango kwa Kifaransa kizuri, kwa mwandiko wangu wa kujivunia, tukayabandika kila ukuta. Asubuhi yake hakuna hata moja. Nikafurahi, nikasema watu wameyachukua wakayasome nyumbani. Halafu tukapita kwa Mama Ngosa, mke wa Papa Ilunga, sentineli anayelinda kampasi, nikaona nusu ya mwandiko wangu ndani ya mbabula, jiko lake la mkaa, chini ya sufuria ya maharagwe. Mimi nilitaka kulia. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Solange, maneno yako inaivisha maharagi. Sasa nani anasema haina kazi?"

Baada ya hapo tukafanya mkutano. Mwalimu wetu alizungumza saa nzima juu ya udongo na mvua, na mwisho swali lilikuwa moja tu, kama kuna mkate. Hapo ndipo ulipokwenda Kampemba kwa baba yako ukarudi na mfuko wa vipande vya bati. Baba yako anatengeneza mbabula za mji mzima, na binti yake analinda miti. Nilikutania sana kwa hilo. Ulikaa sakafuni na msumari na nyundo, unatoboa herufi moja moja.

Kibao cha kwanza ulimwekea Papa Ilunga, kumshukuru, kwa sababu alikuwa anawafukuza wakataji peke yake, bila mshahara, na kirungu tu mkononi. Jina lake kamili, limening'inia kwa waya kwenye mti mkubwa wa mutondo. Tulijiona wajanja kweli.

Ee Mungu wangu, siku ile. Watu waliopita kuchota maji waliona jina la mtu limeandikwa juu ya udongo kama kwenye kaburi, wakajua amekufa. Habari ikafika nyumbani kabla ya yeye kutoka kazini. Mama Ngosa akaanguka chini, majirani wakaanza kukusanyika kwa kilio, wengine na kuni kichwani kama desturi ya matanga ilivyo. Papa Ilunga akawakuta wanamlilia. Alikuja home na kirungu chake, akasimama mlangoni kwetu, akauliza: "Miye nikingali muzima. Juu ya nini munanizika?"

Mimi nilijificha nyuma ya kabati, sitasema uongo. Wewe ulipiga magoti, ukapiga makofi taratibu kwa heshima, ukaomba msamaha kama mtoto kwa baba yake. Na palepale chini, bado umepiga magoti, ukamwuliza kama mama yake yu hai. Akasema hapana, amekufa zamani. Ukauliza jina lake. Akalitaja, na kirungu kikashuka.

Wote tunajua kwetu jambo hili. Mtoto akibeba jina la baba yako, unamwita baba. Humpigi, humtukani, hata akivunja sahani unaondoka wewe. Wewe uliona kwamba mti nao unaweza kubeba jina hivyohivyo. Ulipotundika kibao cha mama yake Papa Ilunga, mzee yule alivua kofia mbele ya ule mti akausalimia. Wiki iliyofuata Mama Ngosa akaja na jina la mama yake mwenyewe. Halafu jirani yake. Halafu watu tusiowajua. Hatukubandika karatasi tena, wala hatukumwomba mtu aache kukata. Uliniambia, "Hakuna mutu atapikia mama yake."

Halafu homa ikakukamata. Siku tatu, Mwajuma. Hospitali haikuwa na dawa, na daktari alimwandikia baba yako orodha ya vitu ambavyo duka lolote la mji halikuwa navyo. Nilitembea kwa miguu kutoka kampasi mpaka kwenu, maana magari hayakuwapo, na nilipofika walikuwa wanarudi makaburini. Sikuona uso wako. Ninyi Waislamu mnazika haraka, nalijua hilo, lakini niliwakasirikia wote, hata wewe. Nilikaa na mama yako jikoni. Siku nyingi baadaye sikutaka kulisogelea pori, na mfuko wa bati niliusukuma chini ya kitanda.

Lori lilikuja siku za mvua za kwanza. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na karatasi yenye mihuri, inayompa ruhusa kukata pori lote kwa ajili ya makala. Alikuja na wakataji, na askari mmoja mwenye bunduki. Mimi nilikuwa chemchemini na ndoo yangu. Nilisoma ile karatasi mara mbili. Nilitaka kubishana naye kwa Kifaransa, unanijua, lakini nilibaki nimeshika ndoo.

Mama Ngosa ndiye aliyepita mbele. Hakupiga kelele. Alimwambia mkataji wa kwanza, "Kata. Lakini soma kwanza."

Sasa sikia. Wale wakataji mfanyabiashara hakuwatoa mbali, aliwaokota hapahapa jirani na kampasi, vijana wasio na kazi. Huyu wa kwanza akashika kibao, akasoma herufi zako za msumari, polepole, midomo inatembea. Lilikuwa jina la mama mkwe wake. Mwajuma, laiti ungemwona! Aliinamisha macho, akarudi kinyumenyume na shoka nyuma ya mgongo, kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya jikoni ukweni, mahali pa mwiko kwake. Wanawake wote wakacheka, na yeye mwenyewe mwisho akacheka. Wa pili akasoma kibao chake, akaketi chini. Wa tatu hakutaka hata kusoma. Mfanyabiashara aliwaongezea malipo, akawatukana, akapanda lori mwenyewe kuchukua msumeno. Papa Ilunga akasimama kando ya mama yake na kofia mkononi, na watu wa ndoo wakasimama, kila mmoja kwa wake. Yule bwana akamgeukia askari.

Askari huyo hajalipwa, hatujui kwao, hana mtu wake kati ya miti ile. Alitembea kutoka kibao hadi kibao, anasoma. Kisha akarudi kwangu, labda kwa sababu nilikuwa nalia. Akaniuliza taratibu, "Dada, wa kwetu batakuwa wapi?" Mama yake alifia mbali, Maniema, na yeye hakupata ruhusa ya kwenda kuzika.

Lori liliondoka. Mfanyabiashara alisema atarudi na karatasi nyingine. Mpaka leo hatujamwona, na akirudi atatukuta. Siku ile tuliimba mpaka sauti zikakauka, mimi nilicheza na Mama Ngosa katika matope, nikaanguka, nikainuka, nikacheza tena.

Lakini swali la askari lilibaki. Tulizunguka pori lote kumtafutia mti, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Basi akaweka bunduki chini, akakopa jembe, akang'oa mche mdogo uliojiotea kando ya njia, akaupanda pale juu ambapo walikwisha kukata mwaka juzi. Kesho yake walikuja wengine. Siku hizi wanakuja hata kutoka mjini, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kanisani, na jembe begani. Mfuko wako nimeutoa chini ya kitanda. Baba yako ananiletea bati, anakaa nami, natoboa herufi vibaya na yeye ananirekebisha bila kusema. Tulikuwa tunaomba watu waache miti, Mwajuma. Sasa wananigombeza mimi kwamba miti haitoshi.

Juu ya mche wako, nilikwenda kumwomba mama yako kwanza. Alisema hataki bati, jina lako litajwe tu. Kwa hiyo mche wako hauna kibao. Kila mtu anayepita na maji anakuita, anakumwagia kidogo, anaendelea na safari yake.

Lala kwa amani, rafiki yangu. Naahidi sitajificha tena nyuma ya kabati. Naahidi nitapanda mpaka kila mtu apate mahali pa kumweka mama yake. Leo asubuhi ulikuwa umetoa jani jipya, jekundu bado, na Papa Ilunga alipoliona alivua kofia.

Wako,
Solange