Utakapofika Delft, Umtafute Yohane

Mlola,
S.L.P. 46,
Lushoto.
20 Februari 1996

Mpendwa mwanetu Elinuru,

Marahaba kwa shikamoo uliyotutumia. Mimi na mama yako mkubwa Rahabu tumeipokea kwa furaha. U hali gani na baridi ya Ujerumani? Kifua kile kilichokusumbua mwezi wa Desemba kimetulia? Na wazee unaowahudumia katika mafunzo yako ya uuguzi, wamekuzoea? Sisi tupo. Goti langu huuma ukungu ukishuka, nao ukiondoka maumivu huniacha. Mama yako mkubwa ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza hapo chini, maana ndiyo yaliyoichelewesha barua hii.

Kaka yako Paskali ameacha ualimu. Siku hizi ananunua kabichi na karoti kule Shume na kuzipeleka Dar es Salaam kwa malori ya watu binafsi, na anasema chaki hatashika tena. Tangu biashara ifunguliwe kila mtu ni mfanyabiashara. Hata jirani yetu Bakari ameuza shamba lake la bondeni, ila aliandikisha kwamba makaburi ya wazazi wake hayamo katika mauzo. Mnunuzi alinung'unika kidogo, kisha akakubali.

Uliniomba nikueleze namna ya kutembelea Delft mwisho wa juma, kwa kuwa niliishi pale nilipotumwa na serikali kusomea mambo ya maji. Umefanya vyema kuuliza. Utapanda treni hapo Wuppertal, utavuka mpaka, utabadili Utrecht na tena Rotterdam, na kutoka hapo ni mwendo mfupi. Ondoka Ijumaa mchana. Mahitaji yako yanunue Jumamosi mapema, maana Jumapili, kama desturi haijabadilika, maduka hufungwa, usije ukashinda njaa ugenini. Mkate na jibini vinatosha.

Vaa viatu vya soli nene. Njia za mji wa zamani zimetandikwa mawe na matofali, na mvua ikinyesha huteleza. Mifereji ya pale si kama hii yetu ya kumwagilia, inayoteremka mlimani ukaisikia kabla hujaiona. Nchi yao ni tambarare, sehemu nyingine iko chini kuliko bahari, kwa hiyo maji huyapandisha kwa pampu na kuyazuia kwa malango. Yametulia kimya kando ya barabara, na mahali pengi hakuna ukuta wa kukukinga. Usitembee ukitazama juu. Ukitaka kuutazama mnara wa Kanisa la Zamani, ambao umeinama kweli, si macho yako, simama kwanza. Jihadhari na baiskeli, huja bila kelele. Kuna samaki mbichi wa chumvi wanaouzwa vibandani, jaribu mmoja. Mimi sikumpenda. Mama yako mkubwa alikula wawili.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Unajua kwamba mtoto wetu wa kwanza, Yohane, alifia huko kabla wewe hujazaliwa. Rahabu alinifuata akiwa naye mgongoni, na katika baridi ya mwaka 1972 homa ya mapafu ikamchukua kabla hajatimiza miaka miwili. Kuusafirisha mwili hakukuwezekana. Tulimzika nje kidogo ya mji wa zamani, ng'ambo ya mfereji mkubwa. Mchungaji alisoma kwa Kiholanzi, na Rahabu akaimba kwa Kishambaa. Tukaweka jiwe dogo. Tulirudi nyumbani tukijua kwamba ana mahali pake, kama babu yako alivyo na mahali pake hapa penye migomba. Miaka yote hii mama yako mkubwa akipalilia makaburi ya hapa husema, "La Yohane sijui nani analipalilia."

Kabla ya Krismasi alitutembelea Bibi Marijke, Mholanzi anayefundisha wakulima wa Shume mambo ya mbegu. Aliyaona makaburi penye migomba, kando ya jiko, akauliza ni ya nani. Mama yako mkubwa akamwambia, "Hili la baba mkwe. Alikuwa mkali wa chakula. Tumemweka hapa asikie harufu, ajue bado napika." Wakacheka sana. Rahabu alipoingia ndani kuchukua maziwa, mgeni akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri, "Ninyi mna raha, mzee. Kwetu kaburi ni la kukodi."

"Kukodi kama chumba?"

"Kama chumba. Muda ukiisha na ndugu wasipojitokeza, anazikwa mtu mwingine."

"Na yule wa kwanza?"

"Mifupa huwekwa pamoja na ya wengine. Watu wengi, nchi ndogo."

Hakujua anaongea na nani. Nilimsindikiza mpaka barabarani tukizungumza habari za karoti. Simlaumu, wala siwalaumu watu wake. Nchi waliyoitoa majini kwa jasho wana haki ya kuipanga. Ila sisi tulipolipia kaburi tulidhani limekuwa letu. Huku kwetu nani angeuliza marehemu atakaa mpaka lini?

Barua yako ilipofika kwamba unakwenda Delft, Rahabu alianza kunipa maagizo. Mwambie ang'oe magugu. Mwambie alioshe lile jiwe. Kila siku akauliza kama nimeshakujibu, nami nikasingizia kalamu, nikasingizia bahasha. Jumapili moja, tumetoka kanisani, alikaa mlangoni akichambua plamu za kupeleka Mombo. Nikamweleza yote. Mikono yake haikusimama, lakini niliona anazitia zilizooza kwenye tenga la nzima.

"Kwa hiyo wamemhamisha," akasema.

"Huenda. Sina hakika."

"Na hawakutuambia."

"Wangetuandikia wapi? Anwani waliyokuwa nayo ni ya chuo, nasi tulikwisha kuondoka."

Kisha akasema, "Yohane alikuwa halali usingizi kwa mtu asiyemjua." Akainuka akaingia ndani. Plamu zile nilizimalizia mimi.

Basi nakuomba, mwanangu. Jumamosi asubuhi, kabla ya mnara na samaki, nenda makaburini. Mtafute msimamizi, mtajie jina, Yohane mwana wa Kornelio, na mwaka. Ukimkuta Yohane bado yupo, ongea naye Kishambaa, hakuwahi kujua lugha nyingine. Ukikuta jina la mtu mwingine, usigombane na msimamizi, wala usiwaoneshe uso mbaya ndugu za huyo aliyelala pale, maana nao wana msiba wao. Uliza mifupa imewekwa wapi, usimame hapo kidogo. Kisha utuandikie ukweli wote. Usitupunguzie kwa sababu ya umri wetu. Kutokujua ndiko kunakomla mama yako mkubwa.

Mama yako Secilia anakusalimu, jino lake limepona. Paskali na mkewe Jenipher wanakusalimu. Shangazi yako Esta anauliza kama umepata mchumba, nami nimemjibu kwamba huko uliko kuna wazee wagonjwa tu.

Leo asubuhi Rahabu aliniletea chai akanikuta na karatasi hizi. Akakaa. "Umemwambia asigombane?"

"Nimemwambia."

"Ongeza na hili. Kama kuna mwingine pale, aniandikie jina lake. Awe mtoto, awe mtu mzima, aniandikie. Mimi kila jioni napaombea mahali pale, siwezi kuanza kupaacha leo. Nitawaombea wote wawili."

Nimeandika kama alivyosema. Uliandike jina hilo kwa mwandiko mkubwa, kwa maana majina yao ni magumu, naye anataka kulitaja sawasawa.

Mungu akutangulie katika treni na katika madaraja yote ya mji ule, na akurudishe kwetu.

Ni mimi nikupendaye,
Baba yako mkubwa,
Kornelio