Swichi Tatu na Msalaba wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Natangaza rasmi kwa wakazi wote wa karakana hii ya Kaloleni – yaani mimi na paka – kwamba mashine ya kuchonga mbao inafungwa swichi za kikomo. Mkono wa mashine ukifika mwisho wa reli, unagusa swichi, kila kitu kinasimama. Shida ni bodi ya kuiendesha. Mtumba. Haina jina wala karatasi ya maelezo, pini zimejipanga tu kama mitungi kwenye foleni ya maji.

Haraka ya nini? Baba mkwe, Mzee Oluoch, anazikwa Jumamosi, kwao huko mbele ya Otonglo. Na ni mimi niliyesimama kwenye mkutano wa matanga nikasema msalaba wa kaburi nitauchonga mimi, jina lote, kwa mashine. Mashemeji walipiga makofi. Kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu Seline anabonyeza swichi kwa kidole, mimi naangalia skrini inasema nini. Akabonyeza ya kulia, ikaitika ya juu.

"Baba Caren, hii bodi yako inajua mkono wake wa kulia?"

Nikahamisha waya. Kufikia saa ya chakula zote tatu zinaitika vizuri. Seline akasema baba yake angeipenda, alipenda kitu chenye kelele. Nikajifanya nakaza skrubu.

Alhamisi, 6 Machi

Wabwire, jirani anayechomelea mageti, alichungulia. Kwa patasi, Bwana Dishon, si ungekuwa umemaliza na umelala? Nikamwambia arudi kwa mageti yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mwili umetoka mochari. Seline amekuja kuchukua msalaba. Nimemwambia stima ilipotea, nikachelewa.

Stima haikupotea. Mashine ilichonga MZEE MATHEWS OLUO, safi kabisa, ikasimama. Skrini: kikomo. Nikawasha tena. Kikomo. Nikasema bodi isiyo na karatasi itanifundisha nini mimi? Nikang'oa waya wa swichi ileile ya kulia niliyohangaika nayo Jumanne. Mkono ukagonga mwisho wa reli, ukabaki hapo ukitwanga, na herufi mbili za mwisho zikachongwa moja juu ya nyingine.

Swichi ilisema kweli. Jina ni refu kuliko reli. Fundi mzima, sikupima.

Nimeufunika kwa gunia. Gari linanguruma nje. Seline yuko mlangoni na shuka la kuufungia, anataka auone kwanza. Nimemwambia vanishi haijakauka.

Ameuliza mbona hasikii harufu.