Chafya ya Gari la Zuhura

Jumatatu asubuhi. Mvua imenyesha alfajiri, sasa jua limetoka na ua wangu wote unanuka udongo na oili.

Haya, leo umejikumbusha. Tangu Ramadhani hujachungulia hapa hata kwa kupita, ukadhani bibi yako kafa? Sijafa. Kaa kitako, acha kushika shika simu, nisikilize.

Mie shule sikuiona hata mlango wake. Nasema, simu inaandika. Zuhura, mjukuu wangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na kunionyesha pa kubonyeza. Leo hayupo wa kunisahihishia. Yuko Pangani kwa mumewe tangu juzi, na vile alivyofika huko ndiyo habari yenyewe.

Zuhura ni fundi magari, gereji yake iko Nguvumali. Ana gari lake jekundu la Kijapani, milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda, na umri wake unampita yeye. Lina tabo, yaani kile kifeni kinachosukuma hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Sasa ukiachia mafuta ghafla, hewa iliyokwisha kusukumwa inakosa pa kwenda, kwa hiyo pana valvu, kijilango cha kuitolea. Ya kwake ilikuwa ya plastiki. Ikapasuka. Gari likawa linalia tu kama mtoto wa homa, mbio hakuna.

Na harusi yake ndiyo hiyo imefika.

Mama mkwe wake alikuwa ameshasema, tena mbele ya watu: atakachokuja nacho bibi harusi siku hiyo ndicho tutakachokitengea nafasi. Hakusema kwa ubaya. Lakini mie nilimsikia vizuri. Gari likibaki hapa kwangu Makorora, spana zitabaki nalo, na mtoto niliyemlea atafika kwa watu nusu.

Valvu mpya aliyoagiza, ya bati zito linalong'aa, ilifika asubuhi ya siku yenyewe. Zuhura yuko ndani, ametawishwa, hina imepanda mpaka kwenye viwiko. Somo yake, yaani kungwi wa kumfunda, Bi Tatu, amekaa mlangoni na upawa mkononi.

"Akigusa grisi mtoto huyu, namrudisha mwanzo, hina na yote!" akasema. "Harusi itangoja!"

Nikafunga kanga kiunoni, nikafunua boneti mwenyewe.

Usishangae. Marehemu babu yake alikuwa dereva wa lori, na mie ndiye niliyekuwa nikimpa spana. Namba zilizoandikwa juu yake sizijui. Nazijua spana kwa uzito.

Zuhura akawa anasema nami kutoka dirishani, pazia limemfunika uso. "Bibi, legeza klempu ile ya kushoto. Siyo hiyo, ya kushoto!" Nikamwambia, mke mwenzangu, ukinifokea nakuachia gari lako hapa. Akacheka. Bi Tatu akamwambia bibi harusi hacheki kusikika nje, ashike pazia vizuri.

Nikatoa ile ya plastiki. Nikaweka mpya, nikakaza, nikachomeka mpira mwembamba juu yake kama alivyonielekeza. Nikaliwasha. Nikakanyaga mafuta, nikaachia.

Pshaaa!

Kuku wote wakaruka. Halijasema alhamdulillahi, lakini mie nimeliitikia hivyo hivyo, kama tunavyomwitikia mtu akipiga chafya: yarhamukallah! Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa pilau wakapiga vigelegele.

Kisha likazimika.

Nikawasha, likatetemeka, likazimika. Nikawasha tena, hivyo hivyo.

Shemeji yangu Kombo, mdogo wake marehemu, alikuwa ameegemea pikapu yake ya kubebea nazi, anakula zambarau. Mtu huyo tumetaniana tangu ana meno yote.

"Shemeji, chafya imeliua. Tulizike kabla ya alasiri au baada?"

"Tangulia wewe, kaburi lako liko tayari."

"Mie sifi, nina kazi. Natandika mkeka kule nyuma, bibi harusi akae juu ya nazi zangu. Zote zimekomaa kama wewe."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa mdomo. Nilitazama dirishani nikaona ncha ya pazia imevutwa ndani, nikajua Zuhura anajifutia machozi. Nilitamani kukaa chini pale kwenye oili nilie naye.

Sikukaa.

Nikamwambia aniambie tena, polepole, hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Akanieleza. Ile valvu ya zamani ilikuwa haitemi nje, ilikuwa inairudisha hewa kwenye bomba la kuivutia ndani. Hii mpya inatema nje. Halafu pazia likafunguka lote, somo akitaka asitake.

"Bibi! Lile tundu la kurudishia hewa, umeliziba?"

Nani kaniambia nilizibe? Lilikuwa wazi, limenitumbulia jicho. Injini ilikuwa ikivuta hewa ya wizi mchana kweupe.

Akasema anasahau vipi jambo kama lile. Nikamwambia bibi harusi anaruhusiwa. Sasa kizibo kitoke wapi? Gereji imefungwa, mafundi wake wote wako msikitini kwenye nikaha. Nikaingiza kidole tunduni nikapima. Nikaenda jikoni.

Mwiko wangu wa pilau, mpini wake ulikuwa unene ule ule.

Bi Tatu alipoona naukata kwa msumeno alipiga yowe kama naukata mkono wake. Mwiko huo umepika harusi za mtaa mzima! Nikasema na hii pia utaipika. Nikakizungushia kipande mpira wa tairi ya baiskeli, nikakisukuma ndani, nikakaza klempu mpaka vidole vikaniuma.

Likawaka. Likatulia, likaunguruma sawasawa kama mtu anayesoma uradi.

Kombo akatema kokwa ya zambarau. "Shemeji," akasema, "nazi zangu zimekosa bahati."

Tulitoka alasiri. Zuhura ndiye aliyeshika usukani, hina yake nzima, buibui lake jipya, mie pembeni, na Bi Tatu nyuma amekunjwa kama shuka, analaani watu waliotengeneza gari bila nafasi ya miguu. Tulipofika Pangani, mbele ya baraza la wakwe, Zuhura akanitazama. Nikamwambia, kanyaga.

Pshaaa!

Barazani watu wakainuka. Kisha mama mkwe, mtu mzito asiyecheka ovyo, akaweka mkono kifuani akasema, "Yarhamukallah! Na mwenye gari karibu." Akawaambia vijana wake waondoe mitumbwi iliyoegeshwa ubavuni mwa nyumba, gari lipate kivuli. Lipo hapo sasa. Sanduku la spana liko chini ya kitanda cha bibi harusi, nimeliona kwa macho yangu.

Leo nyumba kubwa kwangu peke yangu. Nimefagia alama ya oili uani, haikutoka, nimeiacha.

Wewe uliyepotea, ukija safari nyingine usiniletee maneno ya kazi nyingi. Niletee mwiko. Wangu umeolewa Pangani.